Jiwe Lisiuzwe kwa Jina Moja

Wanafunzi mliopo sasa, na ninyi mliomaliza zamani kama mimi, naomba nafasi kidogo nitoe maoni yangu juu ya mawe.

Mimi ni mtu wa Puta, kando ya Ziwa Mweru. Kwetu mama hanunui samaki kwa kumwona tu. Humshika, humgeuza, humfunua mashavu, ndipo hutaja bei. Lakini mawe ya nchi zetu yameuzwa miaka mingi bila kufunuliwa mashavu.

Watu wa Nchelenge wanakumbuka jinsi mzigo wa machimbo ya Dikulushi, yaliyofunguliwa mwaka 2002, ulivyovushwa ziwani kutoka Kilwa, yaani Kilwa ya Kongo, si ile ya pwani. Waliouona walisema, "Shaba hiyo." Kumbe ndani yake mlikuwa na fedha pia. Fedha hiyo wenye machimbo waliijua. Lakini iko habari ya madini ambayo hata wachimbaji wenyewe hawakuyatambua.

Ukifuata barabara kutoka Kilwa utafika Lubumbashi, na karibu yake, mpakani mwa Zambia, pana Kipushi. Mawe ya huko ni jamii ya chokaa, yaitwayo dolomaiti. Zamani sana maji ya moto yenye chumvi yalipita katika nyufa zake, yamebeba madini. Maji ya namna hiyo huila chokaa na kufanya nafasi, na humo zinki, shaba na risasi zikashikana na kiberiti zikaganda. Pamoja nazo yalikuja madini haba, kama jemaniamu na galiamu. Madini haya ni kidogo mno, mara nyingi hayajengi nyumba yake. Hupanga chumba katika nyumba ya zinki au ya shaba.

Kipushi ilianza kuchimbwa na Union Minière miaka ya 1920. Humo mlikuwa na jiwe moja la rangi ya chungwa lililodhaniwa ni bornaiti, jiwe la shaba linalojulikana sana. Ilikuwa mwaka 1948 ndipo lilipotangazwa kuwa jiwe la peke yake, lenye jemaniamu, likaitwa renieraiti kwa heshima ya Armand Renier, mtaalamu wa mawe wa Ubelgiji. Mwaka mmoja kabla yake, Marekani, transista ya kwanza ilikuwa imetengenezwa kwa jemaniamu! Leo madini hayo hutumika katika nyuzi za kioo zipelekazo habari na katika vioo vya kuonea gizani.

Na yale yasiyotolewa tanurini yalikwenda wapi? Yalitupwa pamoja na mavi ya madini, yakawa kilima kikubwa cheusi mjini Lubumbashi. Mwaka 2024 kampuni ya Gécamines ilianza kupeleka Ubelgiji jemaniamu iliyotolewa katika kilima hicho. Babu walitupa, wajukuu wanaokota; na kusafisha bado kunafanywa ng'ambo.

Kutojua kuna hasara nyingine. Kabwe, hapa Zambia, zinki na risasi zilichimbwa katika dolomaiti vilevile, mpaka machimbo yakafungwa mwaka 1994. Vumbi la risasi lililobaki limedhuru watoto wengi. Basi kilichosalia katika taka chaweza kuwa mali, chaweza kuwa sumu. Anayepima ndiye ajuaye.

Wengine watasema: kupima ni gharama, na mnunuzi hulipia madini makubwa tu. Huenda ni kweli. Lakini muuzaji asiyejua alicho nacho atadai nini? Mimi naona kila mkataba wa madini utaje yote yaliyomo ndani ya jiwe, madogo kwa makubwa, na upimaji ufanywe na watu wetu katika maabara zetu.

Watu hao watatoka wapi kama si katika madarasa haya? Najua wengi wenu mnaikimbia kemia, kama nilivyoikimbia mimi, na sasa najuta. Nanyi wenzangu mliomaliza, badala ya kuleta hotuba siku ya sherehe, tuchange tuletee shule mizani nzuri na dawa za kupimia.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na ayaandike, tuyasome.