MEKO YA ZAMANI YATENGENEZWE SASA

Wakulima wengi katika mashamba ya makazi wamefanya kazi ya kusifiwa. Ng'ombe wa maziwa huogeshwa dawa ya kupe kwa wakati, malisho yamegawanywa kwa seng'enge, na nyumba ya mabati yasimama mahali palipokuwa na kibanda. Lakini ingia jikoni. Humo utakuta mawe matatu kama yale waliyoyaweka wazee wetu walipopata ardhi katika Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962. Kuta ni nyeusi kwa masizi, na mama anapika huku machozi yakimtoka.

Ndugu mkulima, maoni yetu ni haya: meko ni sehemu ya shamba kama lilivyo zizi, nayo yastahili kutengenezwa kabla ya sebule kupakwa rangi. Ndama akikohoa, mwenye shamba hukimbia kumwita daktari wa mifugo. Mtoto akikohoa karibu na moto, husemwa ni baridi ya Kinangop tu. Kweli baridi iko, maana Kinangop ni juu ya mita 2,400. Lakini moshi pia uko, nao huingia mapafuni na kuwazidishia watoto hatari ya nimonia. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Utasema, "Sina fedha za gesi." Basi usingoje gesi. Nunua kiini cha Jiko Kisasa, yaani kile cha udongo uliochomwa chenye mdomo wa kuni. Kiweke mahali pasipopigwa na upepo wa mlangoni. Changanya udongo wa kichuguu na mchanga, samadi na majani makavu yaliyokatwakatwa, kisha ukizungushie kiini kwa mawe na udongo huo mpaka kishikamane imara. Acha vikauke wiki mbili hivi, na moto wa kwanza uwe mdogo. Asiyeweza kununua kiini na ayazungushie mawe yake matatu udongo huo huo, aache mdomo mmoja wa kuni, na nafasi ya upana wa kidole kati ya sufuria na udongo.

Baada ya hapo fungua tundu juu ya ukuta, chini ya paa, moshi upate kutoka. Pasua kuni na kuzianika. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na moto haba. Kazi hii yote ni ya siku chache, na vifaa vingi vimo shambani mwako.

Wazee wengine hupinga. Husema moshi hufukuza wadudu katika mahindi yaliyotundikwa juu ya meko, na moto wa wazi huota watu wengi. Hoja hizo si za kuchekwa. Lakini mahindi yaliyokauka vizuri mahali pake ni ghalani, na udongo mnene ukishapata moto hubaki na joto hata baada ya kuni kuzimika. Ila usikimbilie kuingiza jiko la makaa chumbani mwa kulala usiku wa Julai. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mwisho, kazi hii usimwachie mama watoto peke yake. Yeye ndiye abebaye kuni, na kuni si nyingi kama zilivyokuwa wakati misitu ilipofyekwa kwa mashamba mapya. Meko yaliyozungushiwa udongo hula kuni chache. Mwenye shamba achimbe udongo, vijana wabebe mawe, na mama aseme jiko likae wapi. Kisha kila mwezi tazameni nyufa, mzizibe mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.