Mpeleka Barua Aliyewaimbia Askari

Katika makambi yetu nyimbo hazikosi. Zipo za mchakamchaka, zipo za gwaride, zipo za kuwasifu mashujaa, na jioni katika kantini husikika bendi zenye magitaa ya umeme na tarumbeta. Aina moja ni adimu, nayo ni wimbo unaomfuata askari hadi nyumbani baada ya kuvua sare, ukatazama yanayompata akiwa na mkewe na watoto wake. Wapo wanaodhani kwamba wimbo wa namna hiyo hulegeza moyo wa kikosi. Sisi hatukubaliani nao, na shahidi wetu ni Mmarekani mmoja, marehemu John Prine, pamoja na albamu yake ya mwisho ya nyimbo mpya, The Tree of Forgiveness, aliyoitoa tarehe 13 Aprili 2018 akiwa na umri wa miaka 71.

Prine alizaliwa mwaka 1946 huko Maywood, karibu na Chicago, katika familia ya wafanyakazi iliyotoka Kentucky. Gitaa alifundishwa na kaka yake. Mwaka 1966 aliitwa jeshini kwa sheria iliyowahusu vijana wote wa rika lake. Wengi wa rika hilo walipelekwa Vietnam. Yeye alipangiwa Ujerumani Magharibi, akawa fundi wa magari ya jeshi. Alipomaliza utumishi alirudia kazi yake ya kupeleka barua mtaa kwa mtaa, na nyimbo zake nyingi za mwanzo alizitunga kichwani huku akitembea na mfuko begani. Askari wa doria hatashangaa. Miguu ikishaizoea njia, akili hupata nafasi ya kufanya kazi nyingine.

Mwaka 1970 Roger Ebert wa gazeti la Chicago Sun-Times, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuhakiki filamu, alimsikia katika ukumbi mdogo akaandika habari zake, na ukumbi ukaanza kujaa. Mwaka uliofuata alisikika na Kris Kristofferson, mwanamuziki aliyekuwa amejipatia jina, ambaye naye alikuwa kapteni wa jeshi na rubani wa helikopta kabla ya kuacha kazi hiyo mwaka 1965. Kwa msaada wake mpeleka barua huyo akapata mkataba, na albamu yake ya kwanza ikatoka mwaka 1971.

Ndani ya albamu hiyo umo wimbo uitwao Sam Stone. Unasimulia habari za askari aliyerudi kutoka vitani na nishani ya majeruhi kifuani na vipande vya chuma gotini. Dawa aliyopewa kutuliza maumivu ikamgeuza mtumwa wake. Fedha zikaisha, watoto wakaanza kuvaa nguo za watu wengine, na mwisho baba yao akafa kwa dawa hiyo hiyo. Mtunzi hamlaani Sam Stone, wala hamtetei. Hataji jemadari wala waziri yeyote. Anakaa na watoto tu, akieleza kile wanachokiona wao. Prine alisema kwamba Sam Stone hakuwa mtu mmoja. Alimuumba kutokana na vijana aliowafahamu ambao walirudi wakiwa si wale walioondoka. Johnny Cash, aliyetumikia jeshi la anga, aliupenda wimbo huo akauimba, lakini alibadili mstari mmoja uliogusa imani ya dini. Ni haki yake, ila kwa maoni yetu mstari wa Prine ulikuwa mchungu kwa sababu mtoto aliyefiwa hachagui maneno.

Hata hivyo tusiuchukue wimbo kama takwimu. Mtafiti Lee Robins aliwahoji askari wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam mwezi Septemba 1971. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa ametawaliwa na dawa hizo akiwa huko. Lakini katika mwaka wa kwanza nyumbani, walioendelea na utumwa huo walikuwa wachache mno. Wengi waliondoka mahali ambapo heroini ilikuwa rahisi na hofu ilikuwa ya kila siku, wakarudi kwenye kazi na jamaa zao, wakaacha. Kwa hiyo raia anayemtazama kila askari aliyetoka vitani kama mtu aliyeharibika anamdhulumu. Sam Stone ni yule aliyebaki nyuma ya wenzake, na kwa kuwa ni mmoja kati ya wengi ni rahisi kikosi kumsahau. Kamanda anaweza kumaliza orodha ya majina bila kumwona. Mkewe anamwona.

Tukirudi kwenye albamu ya 2018, wasikilizaji waliizoea sauti tofauti. Mwaka 1998 Prine alipasuliwa shingoni kwa ugonjwa wa saratani, na sauti yake ikazama ikawa nzito yenye mikwaruzo. Mwaka 2013 saratani ikaonekana katika pafu. Ili arudishe pumzi alifanya zoezi ambalo mkufunzi yeyote wa depo angelikubali: kupanda na kushuka ngazi mbio, kisha mara hiyo hiyo kushika gitaa na kuimba huku anatweta. Nyimbo mpya zilikuwa hazikamiliki, mpaka mkewe Fiona, aliyekuwa msimamizi wa kazi zake, alipompeleka hotelini mjini Nashville akae wiki nzima na magitaa yake na masanduku ya maneno yaliyoandikwa nusu. Zikatoka nyimbo kumi.

Ala ni chache, na gitaa kavu ndilo linalotangulia. Wanaomkumbuka Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, wanajua gitaa moja linavyoweza kujaza chumba. Kampuni iliyoitoa albamu ilikuwa ya Prine mwenyewe, Oh Boy Records, aliyoianzisha mwaka 1981 pamoja na meneja wake Al Bunetta baada ya kuchoshwa na makampuni makubwa. Wapenzi wake walimtumia fedha za albamu kabla haijarekodiwa. Bila kampuni kubwa, kazi hii ya mzee ilishika nafasi ya 5 katika orodha ya Billboard, ambayo hakuwahi kuifikia ujanani.

Si nyimbo zote zenye uzito sawa. Mbili tatu ni za mzaha mwepesi tu. Ule wa kufungia, When I Get to Heaven, nao una mzaha, kwani anajiona peponi akivuta tena sigara aliyokatazwa na waganga na kufungua kilabu cha kuwasamehe waliomkosea. Lakini Summer's End ni jambo jingine. Maneno yake ni mwito mpole kwa mtu arudi nyumbani. Filamu fupi iliyotengenezwa kwa ajili yake inaonyesha babu na mjukuu waliofiwa kutokana na dawa za kulevya za kutuliza maumivu, zile zile za ukoo wa dawa iliyomuua Sam Stone.

Prine alifariki Nashville tarehe 7 Aprili 2020 kwa maradhi ya korona, akiwa na miaka 73. Nyimbo zake ni za Kiingereza. Asiyekielewa amwombe mwenzake amfasirie. Aliye na redio au simu katika kantini na apige Sam Stone kwanza, kisha Summer's End, naye azime bendi kwa dakika hizo chache.