Bastola ya Kike? Acheni Uongo!

Haya wasomaji, leo nina hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikipayuka kidogo.

Nina rafiki, mwalimu wa hisabati hapa Nairobi. Mwaka jana alinifuata akaniambia anataka kuingia kwenye mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola. Si ule wa kusimama wima kama mlingoti na kulenga karatasi dakika nzima. Anataka ule wa vitendo, ambao unakimbia, unachungulia dirishani, unapiga magoti nyuma ya ukuta wa mbao, na saa inakuhesabia sekunde. Kimataifa unaitwa IPSC. Ulianzishwa Columbia, Missouri, mwaka 1976, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, afisa wa zamani wa jeshi la wanamaji wa Marekani. Hapa kwetu wanaoucheza wanaijua vizuri njia ya Kirigiti, kule Kiambu.

Mimi niliufahamu kwa sababu ya kazi. Nilitumwa kuandika habari moja ya Jumapili, nikaenda na daftari, nikarudi na masikio yanayolia na hamu ya kurudi tena. Basi kwa sababu hiyo rafiki yangu akaniona mtaalamu (ndiyo tabu ya kuandika makala moja!), akaniomba nimsindikize kununua bastola yake ya kwanza.

Tukaenda. Muuzaji hakumuuliza hata swali moja. Hakuuliza anaitaka ya nini, hakuuliza kama amewahi kufyatua, hakumwambia hata anyooshe mkono auone ukubwa wake. Alimwangalia tu juu mpaka chini, akafungua kabati la kioo, akatoa kitu kidogo kama simu. "Madam, hii ndiyo saizi yako. Nyepesi, inaingia kwenye mkoba, akina mama wote wanaipenda."

Na mimi nikafanya nini? Nikatikisa kichwa nikasema, "Ni kweli, ni nyepesi." Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa nimesimama pale nikiwa najua zaidi ya hapo, nikanyamaza kwa sababu muuzaji alikuwa mtu mzima anayeongea kwa uhakika.

Sasa nisikilizeni. Hakuna bastola ya kike. Iliyopo ni bastola ndogo, na bastola ndogo ni ngumu kwa anayeanza, awe mwanamke, awe mwanaume, awe bondia wa uzito wa juu.

Chukua risasi ile ile ya 9mm. Ukiifyatua kwenye Glock 43, ambayo ina uzito wa nusu kilo hivi, ule mshtuko wote unaingia kwenye kiganja chako. Ukiifyatua kwenye Glock 17, gramu 700 hivi bila risasi, inatulia zaidi. Ukiifyatua kwenye CZ Shadow 2, chuma kitupu, kilo 1.3, utafikiri mtu amekugusa bega tu. Nguvu ya risasi ni moja, ila chombo kizito hakirushwi kirahisi. Hiyo ni fizikia ya sekondari! Kwa hiyo unapomwambia mtu mwenye mikono midogo achukue nyepesi "ili aimudu", unamfanyia kinyume kabisa. Tena kwa kawaida springi ya bastola ndogo huwa ngumu, kuivuta slaidi nyuma ni kazi. Rafiki yangu alikuwa anaivuta huku amefumba macho. Mtutu mfupi maana yake pia kilengeo cha mbele na cha nyuma vimekaribiana, kwa hiyo kosa dogo la jicho linakuwa kosa kubwa kwenye karatasi.

Halafu njoo kwenye mashindano yenyewe. Sheria za IPSC zinaruhusu mpaglio mmoja mrefu kuwa na risasi hadi 32, na sehemu moja unaposimama inaweza kukudai hadi 9. Glock 43 inabeba 6 kwenye magazini. Hesabu mwenyewe, maana mwalimu wa hisabati alihesabu akiwa amechelewa. Siku yake ya kwanza alibadilisha magazini akiwa amesimama kama nguzo, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, huku wenzake wa divisheni ile ile ya Production wanaanza na 15 na wanabadilisha wakiwa wanatembea kwenda sehemu nyingine. Alitoka pale kidole gumba kimechunika. Watu walimpigia makofi ya huruma. Mnayajua yale makofi.

Alirudi mara mbili zaidi, kisha akaacha. Akaniambia, "Nadhani mchezo huu si wa wanawake." Mtu ameshindwa na chombo, anadhani ameshindwa na mwili wake!

"Basi abadilishe, shida iko wapi?" Hivyo ndivyo alivyoniambia jamaa mmoja. Ndugu yangu, hii si simu ya mkononi. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti chako kinaitaja silaha yenyewe, na kinataja pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Kubadilisha ni kurudi kwa wenye mamlaka na makaratasi yako. Na Desemba 2018 serikali iliwaamuru wenye leseni wote warudi kukaguliwa upya ndani ya siku 90, kwa hiyo hakuna anayechukulia makaratasi haya kwa mzaha. Kosa la siku moja dukani unaweza kuishi nalo muda mrefu.

Wapo wanaokuja na hoja ya Westgate. Kwamba Septemba 2013 raia wenye leseni waliingia mle ndani na bastola zao wakasaidia kuwatoa watu, kwa hiyo nunua ndogo, uwe nayo kila saa. Sikatai walichofanya wale watu, Mungu awabariki. Lakini hiyo ni sababu ya kujifunza kutumia chombo vizuri, na hujifunzi vizuri kwa chombo kinachokuumiza mpaka unaogopa kukifyatua. Kama ni lazima uwe na moja kwa shughuli zote mbili, basi ipo ya kati. Glock 19 inabeba 15, ambayo ndiyo idadi ya kuanzia kwenye Production. Mbona hiyo haikutolewa kabatini?

Msidhani wanaume wamenusurika. Wao wanauziwa uongo wa upande wa pili. "Wewe ni mwanaume, chukua .45." Niliwahi kuwa karibu na kijana mmoja aliyejazwa maneno hayo. Tufanye hesabu. IPSC inapima nguvu kwa kuzidisha uzito wa risasi kwa greni na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha unagawa kwa 1,000. Risasi ya .45 yenye greni 230 ikienda futi 750 inapata 172.5, imevuka 170 inayotakiwa kuitwa kubwa kwenye divisheni ya Standard. Vizuri sana. Lakini kijana wetu kaingia Production, na huko kila mtu anahesabiwa ndogo, hata ungekuja na mzinga. Kinachotakiwa ni kuvuka 125 tu. Risasi ya 9mm ya greni 124 ikienda futi 1,050 inapata 130. Imepita. Kwa hiyo kijana analipia risasi ghali zaidi, anarushwa mkono zaidi, anabeba chache zaidi kwenye magazini, na haongezewi hata pointi moja. Amelipia sifa!

Na hata pointi zenyewe, watu hawazielewi. Katikati ya shabaha ni 5, pembeni kwa risasi ndogo ni 3, nje zaidi ni 1, ukikosa unakatwa 10. Jumla unaigawa kwa sekunde ulizotumia. Risasi 16 zote katikati ni pointi 80, ukitumia sekunde 20 unapata 4.0. Mwenzako risasi 4 zimekwenda pembeni, ana 72, lakini ametumia sekunde 15, anapata 4.8. Amekupita. Sasa sekunde hizo 5 zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kuchomoa, kubadilisha magazini, miguu, na kurudisha kilengeo mahali pake haraka baada ya kila mlio. Yaani zinatoka kwenye mazoezi mengi kwa bastola ambayo hukuchoki nayo.

Kundi la tatu sitalizungumzia sana, wale wenye pesa wanaoanza na bastola ya Open, ina kilengeo cha nukta nyekundu, ina matundu ya kutolea gesi, inang'aa kama baiskeli ya harusi. Wapeni miezi sita, mtaikuta inauzwa.

Mniulize sasa ningemwambia nini rafiki yangu kama ningekuwa na ujasiri siku ile. Kwanza, usinunue. Fyatua ya klabu, chini ya msimamizi, miezi kadhaa, mpaka ujue mkono wako unataka nini. Kisha chukua 9mm ya ukubwa kamili, ya kawaida, ambayo magazini zake zinapatikana na fundi wa mjini anaijua. Glock 17 imekuwepo tangu jeshi la Austria liichukue mwaka 1982, haina cha kukushangaza. Pesa iliyobaki nunua ala imara ya kiunoni, magazini nne au tano, na risasi. Risasi, risasi, risasi. Na nyumbani fanya mazoezi makavu, bastola tupu umeikagua mara tatu, risasi ziko chumba kingine, dakika 15 kila jioni. Hayo hayana gharama.

Najua mashabiki wa CZ wameshaanza kunitukana. Tulieni. Shadow 2 ni chombo kizuri sana, na kwenye Production utaiona kila mahali. Lakini sheria inataka uanze na nyundo ikiwa chini, na Shadow 2 haina kitufe cha kuishusha. Unashusha kwa kidole gumba, risasi ikiwa ndani, huku umebana kifyatulio. Mtu wa wiki ya tatu, mikono inatetemeka, jasho, watu wanamtazama... ikiteleza ikalia, amefukuzwa mashindanoni siku hiyo, na hiyo ndiyo nafuu. Ukishazoea, nenda kainunue, nitakuja kuiazima.

Kuhusu usalama mniruhusu niwe mkali. Mtutu ukipita nyuzi 90 umefukuzwa. Ukidondosha bastola umefukuzwa. Kidole kwenye kifyatulio unapokimbia, umefukuzwa. Sheria hizo ndizo zinafanya mchezo huu uwezekane. Sasa mpe mgeni bastola fupi anayopigana nayo kuivuta slaidi, uone mtutu unavyozunguka akihangaika. Rafiki yangu alikaribia nyuzi zile mara mbili. Msimamizi akapiga kelele, mimi nyuma ya kamba moyo umeniruka. Yule muuzaji hakuwepo kuona.

Wiki iliyopita nilimpigia simu nikamwomba msamaha. Alicheka, akasema, "Wewe nawe, si ulikuwa unatikisa kichwa kama mjusi." Nimestahili. Nikamwambia aje nusu saa tu, asilete ile yake.

Alikuja Jumamosi. Nilimkabidhi Glock 17 ya klabu, akaipima mkononi, akanitazama. "Lakini hii ni kubwa." Nikamwambia afyatue tu. Akafyatua 5, polepole, mita 7. Akashusha, akaitoa magazini, akamwonyesha msimamizi chumba kitupu kama alivyofundishwa. Kisha akauliza, "Mbona hii haiumi?"

Nilipita dukani kwa yule bwana juzi. Ile ndogo nyingine bado iko kwenye kabati la kioo, na sasa ameibandika karatasi imeandikwa kwa kalamu nyekundu: YA AKINA MAMA.