Bunduki zivukazo majimbo na muuzaji asiyeuliza

Wapo watu Marekani, na baadhi yao ni wabunge na mawakili wasomi, ambao kila yanapotokea mauaji ya halaiki husimama mbele ya kamera na kutoa kauli moja: kwamba sheria ipo na inatosha, kwamba tayari ni marufuku mtu wa jimbo moja kumuuzia silaha mtu wa jimbo jingine, na kwamba huo unaoitwa upenyo wa maonesho ya silaha ni uzushi wa magazeti. Kauli hii imepokewa hata na baadhi ya ndugu zetu huku, wanaoisikia redioni kisha wakairudia barazani kana kwamba ni hoja iliyokwisha. Sisi tumeona ni vema kuipima. Hatusemi kuwa ni uongo mtupu. Tunasema ni ukweli uliokatwa katikati, na msikilizaji akapewa kipande kimoja tu.

Asili ya sheria yenyewe ni damu. Machi 1963, Lee Harvey Oswald, aliyekuwa akiishi Dallas katika jimbo la Texas, aliagiza kwa posta bunduki ya Kiitaliano kutoka duka la Chicago, jimbo la Illinois, kwa jina la uongo na kwa fedha isiyofika dola 22. Novemba 22 ya mwaka ule ule bunduki hiyo ilimuua Rais John F. Kennedy. Machi 1968, James Earl Ray, mtoro wa jela ya Missouri, aliingia dukani Birmingham, Alabama, akatoa jina lisilo lake, akanunua bunduki ya Remington. Aprili 4, Dk. Martin Luther King akauawa Memphis, jimbo la Tennessee. Zingatia, ewe msomaji: katika matukio yote mawili silaha ilikuwa bunduki, wala si bastola, na katika yote mawili ilivuka mpaka wa jimbo. Ndipo Rais Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Udhibiti wa Silaha, Oktoba 22, 1968, iliyokata biashara ya silaha kwa posta kwa wasio na leseni, na kumzuia mfanyabiashara kumuuzia mtu wa jimbo jingine. Bunduki iliachiwa nafasi ndogo tu: aliweza kuuziwa mtu wa jimbo jirani, kwa masharti.

Haikupita miaka 20 ila ukuta ule ulitobolewa. Mei 19, 1986, Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyopewa jina la Kuwalinda Wamiliki wa Silaha. Tangu hapo mfanyabiashara mwenye leseni anaweza kumuuzia bunduki mkazi wa jimbo lolote, si jirani tu, maadamu wamekutana ana kwa ana na mauzo hayakuvunja sheria za jimbo la muuzaji wala za jimbo la mnunuzi. Sheria hiyo hiyo ilimthibitishia mfanyabiashara ruhusa ya kutandika meza yake katika maonesho ya silaha ndani ya jimbo lake, na ikaipiga marufuku serikali ya shirikisho kuanzisha daftari la wamiliki wa silaha. Ama bastola, hiyo ilibaki ilivyokuwa: ukiinunua jimbo la mbali, sharti ipelekwe kwanza kwa mfanyabiashara wa jimbo lako, naye ndiye akukabidhi.

Hapa tunauliza: tofauti hii imetokana na nini? Jibu linalotolewa ni kwamba bunduki ni ya mwindaji na mkulima, ilhali bastola ni ya mhalifu wa mjini, kwa kuwa hufichika nguoni. Tunakiri kwamba jibu hili lina msingi. Mauaji mengi ya Marekani hufanywa kwa bastola, na anayekana hilo hajasoma takwimu. Lakini sheria iliyomchukulia mwenye bunduki kuwa mwindaji wa kulungu imeachwa vile vile katika zama ambazo bunduki inayouzwa kwa wingi ni ile iliyotokana na silaha ya vita. Kijana wa miaka 18 hawezi kuuziwa bastola na mfanyabiashara mwenye leseni mpaka afikishe miaka 21. Bunduki, kwa mujibu wa sheria ya shirikisho, anaruhusiwa. Mtu akinunua bastola mbili kwa muuzaji mmoja ndani ya siku tano za kazi, muuzaji analazimika kuiarifu idara ya ATF. Akinunua bunduki kumi, katika majimbo mengi hakuna anayelazimika kumwarifu yeyote.

Matokeo ya jambo hili yalionekana Las Vegas, Oktoba 1, 2017. Mtu mmoja aliyekuwa akiishi Mesquite, Nevada, alifyatua risasi zaidi ya 1,000 kutoka dirisha la hoteli juu ya umati uliokuja kusikiliza muziki. Watu 58 waliuawa, na wengine wawili wakafa miaka ya baadaye kwa majeraha yale. Chumbani mwake zilikutwa bunduki zaidi ya 20. Wapelelezi walipofuatilia walikuta kwamba kwa muda wa takriban mwaka mmoja alikuwa amekusanya silaha zaidi ya 50, nyingi zikiwa bunduki, na kwamba alinunua Nevada, Utah, California na Texas. Hakuvunja mlango wa mtu. Alikwenda kwa wenye leseni, akapita ukaguzi. Lau zingekuwa bastola, asingeweza kuondoka nazo Utah, na zile alizonunua pamoja zingeandikiwa taarifa. Kwa kuwa zilikuwa bunduki, kila duka lilijua mauzo yake tu, na hapakuwa na jicho lililoziona zote kwa pamoja.

Tunalitaja tukio hili tukijua kwamba linaumiza hata baadhi ya wanaotetea ukaguzi, kwa sababu linaonesha kuwa ukaguzi peke yake hautoshi. Na iwe hivyo. Hoja haitafutwi kwa ajili ya kushinda.

Sasa twende kwenye maonesho yenyewe, ambayo jina lake linapotosha, kwani mtu haendi kuangalia tu kama aendavyo jumba la makumbusho. Kwa lugha yetu hayo ni magulio. Hufanyika mwisho wa wiki katika viwanja vya maonesho ya kilimo na kumbi za mikutano. Meza zimepangwa safu kwa safu, risasi, visu, nyama kavu na bunduki. Katika meza hizo wamo wenye leseni, na hawa hufungwa na sheria ile ile inayowafunga dukani: mnunuzi hujaza fomu 4473, hutaja jimbo la makazi yake, na jina lake hukaguliwa kwa mfumo wa FBI ulioanza Novemba 30, 1998. Anayedai kwamba kila mtu katika gulio huuziwa bila kuulizwa amekosea, naye huwapa wapinzani silaha bure.

Lakini pembeni ya meza hiyo ipo meza nyingine, ya mtu binafsi anayesema anauza vitu vyake. Huyu, kwa sheria ya shirikisho, hana fomu, hapigi simu FBI, wala halazimiki kuomba kitambulisho. Kweli, amekatazwa kumuuzia mtu wa jimbo jingine, na adhabu yake yafika kifungo cha miaka mitano. Soma, hata hivyo, namna katazo lilivyoandikwa: ni kosa ikiwa muuzaji anajua, au ana sababu ya msingi ya kuamini, kwamba mnunuzi anaishi jimbo jingine. Basi atajuaje asiyeuliza? Mwenye kuuliza akajibiwa vibaya amejitia hatiani. Mwenye kunyamaza amejisalimisha. Sheria imeufanya ujinga kuwa ngao. Tumesoma vitabu vya hila za wanasheria wa zama nyingi, na ni mara chache tumekuta hila ambayo mtunga sheria mwenyewe ndiye aliyeiandika kwa mkono wake.

Baadhi ya majimbo yameliona hilo. California na New York zinalazimisha mauzo ya watu binafsi yapitie kwa mwenye leseni. Colorado ilifunga upenyo wa maonesho kwa kura ya wananchi Novemba 2000, baada ya msiba wa shule ya Columbine wa Aprili 20, 1999, walipouawa wanafunzi 12 na mwalimu mmoja. Wauaji wale walikuwa wadogo kwa umri, wakamtumia rafiki aliyekwishatimiza miaka 18, naye akawanunulia bunduki tatu katika maonesho ya silaha kwa wauzaji wasio na leseni, bila ukaguzi. Pennsylvania nayo ina sheria ya ajabu: mtu binafsi akiuza bastola sharti apitie kwa mwenye leseni, akiuza bunduki hana sharti hilo. Tofauti ile ile ya bastola na bunduki ikajirudia.

Lakini jimbo moja litaziba nini ikiwa jirani yake ameacha wazi? Chicago ina masharti makali, na wapinzani hupenda kuicheka: sheria zote hizo, na bado watu wanauawa! Hawasemi kwamba ripoti ya jiji hilo ya mwaka 2017 ilionesha zaidi ya nusu ya silaha za uhalifu zilizofuatiliwa zilinunuliwa kwanza nje ya Illinois, Indiana ikiongoza. Na Indiana, kwa gari, si mbali na mitaa ya kusini ya Chicago. Aidha Julai 28, 2019, katika tamasha la mjini Gilroy, California, kijana wa miaka 19 aliua watu watatu, mmoja wao mtoto wa miaka sita, kwa bunduki aliyoinunua Nevada kihalali wiki chache kabla. Katika California isingeruhusiwa kuuzwa. Mpaka aliouvuka hauna forodha.

Wapinzani wana dalili moja wanayoitegemea sana. Wizara ya Sheria ya Marekani iliwauliza wafungwa mwaka 2016 silaha zao walizipata wapi, na waliotaja maonesho ya silaha hawakufika asilimia 1. Asilimia 43 walisema mitaani au soko la magendo. Wanasema: mmeona? Tunasema: tumeona, na sisi tunaongeza swali ambalo wafungwa hawakuulizwa. Soko la magendo lilizipata wapi? Bunduki haioti mtaani. Hutoka kiwandani, ikaenda kwa muuzaji wa jumla, ikaenda dukani, ikauzwa kwa mnunuzi wa kwanza aliyeandikwa jina. Mfungwa huulizwa mkono wa mwisho uliompa, wala hajui mikono iliyotangulia. Polisi wakiokota silaha, ombi hupelekwa kituo cha ufuatiliaji cha Martinsburg, West Virginia, ambako wafanyakazi hupekua kumbukumbu ambazo sheria imezuia zisitafutwe kwa jina la mnunuzi, na hufuata njia hiyo mpaka kwa mnunuzi wa kwanza. Huyo akisema aliiuza katika gulio kwa mtu asiyemjua, karatasi imekwisha. Mwaka 2009 jiji la New York lilituma wapelelezi katika maonesho saba ya Ohio, Tennessee na Nevada: kati ya wauzaji binafsi 30 walioambiwa na mnunuzi kwamba huenda asingepita ukaguzi, 19 waliuza.

Na sisi Waislamu suala hili limetugusa kwa upande ambao wengi hawaufahamu. Baada ya Septemba 11, 2001, zaidi ya watu 1,000, wengi wao Waislamu wahamiaji, walikamatwa Marekani na majina yao yakafichwa. Lakini FBI ilipotaka kuangalia katika kumbukumbu za ukaguzi kama yeyote kati yao amewahi kununua silaha, wizara ya Mwanasheria Mkuu John Ashcroft ilikataa, ikisema ni kuingilia faragha ya wanunuzi. Yaani mtu alifungwa bila jina lake kutajwa, ila faragha ya bunduki ikahifadhiwa! Baadaye wakaguzi wa Bunge walieleza kwamba kati ya Februari 2004 na Februari 2010 watu walio katika orodha ya washukiwa wa ugaidi walikaguliwa mara 1,228 wakitaka silaha au baruti, na mara 1,119 waliruhusiwa. Hatulitaji hili kwa kutaka orodha ile itumike, maana ni orodha ya siri ambayo mtu huingizwa bila kusikilizwa, na nduguze wengi wasio na hatia wamezuiwa kupanda ndege kwayo. Tunalitaja ili ijulikane kuwa udhaifu wa sheria ya silaha haukutokana na upole wa serikali ile kwa watu.

Ama nje ya mipaka yao, Mexico ndiyo shahidi. Bunduki zilivuka kutoka Texas na Arizona kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2011 ATF iliwalazimisha wafanyabiashara wa majimbo manne ya mpakani, California, Arizona, New Mexico na Texas, kutoa taarifa mtu anaponunua zaidi ya bunduki moja ya aina fulani za kivita ndani ya siku tano za kazi. Kwa hiyo hitaji lilijulikana, na dawa ikajulikana, ikapelekwa majimbo manne tu kati ya 50. Nevada haikuwamo.

Juni 25, 2022, Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyopanua maana ya mtu anayefanya biashara ya silaha, na Aprili 2024 ikatolewa kanuni ya kuwataka wengi wa wale wa meza za pembeni wachukue leseni. Hazikupita wiki nyingi ila Texas na wenzake walikuwa mahakamani, na jaji wa shirikisho akaizuia isitekelezwe dhidi yao. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba muuza silaha zake binafsi asibebeshwe mzigo. Mzigo wenyewe ni karatasi ile ya 4473, ambayo mwenye leseni wa meza ya jirani huijaza kila siku kwa dakika chache, na ambayo ina nafasi ya kuandika jimbo analoishi mnunuzi.