Rafu ya Familia: Nafasi ya Kiswahili katika Uteuzi wa Vitabu na Video za Kikristo

Utangulizi

Wahenga hawakukosea walipolonga kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hata hivyo, wahenga hao hawakulea watoto katika nyumba yenye runinga, simu za mkononi na rafu ya vitabu vilivyonunuliwa kwa haraka baada ya ibada ya Jumapili. Malezi ya siku hizi yana washirika wengi ambao mzazi hakuwaalika, na miongoni mwao ni kitabu na video. Familia nyingi za Kikristo nchini Kenya zimelitambua jambo hilo. Ndiyo maana hutafuta kazi ambazo wazazi na watoto wanaweza kuzisoma au kuzitazama pamoja pasipo mmoja wao kulazimika kuinamisha uso kwa aibu. Nia hiyo ni njema, lakini nia njema pekee haitoshi kuwa kigezo cha uteuzi.

Aghalabu mnunuzi huangalia mambo mawili tu: iwapo jalada lina msalaba na iwapo bei yaweza kumudika. Suala la lugha huja mwisho, au halizuki kabisa. Makala haya yanashikilia kuwa utaratibu huo unafaa kupinduliwa. Kazi inayokusudiwa kufurahiwa na familia nzima haina budi kwanza kueleweka na familia nzima. Zipo nyumba ambamo lugha ya mama hutosha kwa jukumu hilo, na heri yao. Lakini katika nyumba nyingi za mijini, na katika ndoa za watu wa jamii mbalimbali, lugha inayoweza kuwakusanya nyanya, wazazi na wajukuu mahali pamoja ni Kiswahili.

Jalada si kigezo

Vyote ving'aavyo si dhahabu, na si kila kazi yenye maudhui ya Kikristo inayofaa kutazamwa na watoto. Mfano mwafaka ni filamu ya The Passion of the Christ iliyoongozwa na Mel Gibson mwaka 2004. Filamu hiyo inasimulia saa za mwisho za maisha ya Yesu, na Wakristo wengi waliipokea kwa machozi na kwa toba. Hata hivyo, mapigo na damu vinavyoonyeshwa humo ni vya kutisha, kiasi kwamba nchini Marekani iliwekwa katika daraja ambalo mtoto aliye chini ya miaka 17 hawezi kulitazama ukumbini bila kuandamana na mtu mzima. Mzazi anayemketisha mtoto wa miaka sita mbele ya filamu hiyo kwa sababu tu ni ya Yesu amelichanganya somo la filamu na hadhira yake. Aidha, wahusika wa filamu hiyo huzungumza Kiaramu, Kiebrania na Kilatini, na mtazamaji hutegemea maandishi yaliyo chini ya picha. Mtoto asiyejua kusoma hubaki na damu peke yake.

Kenya ina Bodi ya Kuainisha Filamu ambayo, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, hupanga filamu katika madaraja: zinazofaa watu wote, zinazohitaji mwongozo wa wazazi, na zile za walio juu ya miaka 16 au 18. Madaraja hayo ni msaada mkubwa, lakini yanamwambia mzazi kile asichopaswa kumwonyesha mtoto. Hayamwambii kile kinachostahili kuonyeshwa. Filamu inaweza kuwa haina matusi, haina damu wala uchi, na bado ikawa haina lolote la kumfunza wala kumfurahisha yeyote. Usafi wa kazi ni sharti la mwanzo. Si sifa ya kutosha.

Lugha ya sebuleni

Hebu ifikiriwe sebule ya kawaida jioni ya Jumapili. Nyanya amewasili kutoka mashambani na amekalishwa penye kiti kizuri. Mama ameweka video ya katuni inayosimulia kisa cha Yona kwa Kiingereza cha Marekani, chenye kasi na mizaha. Wajukuu wanacheka. Mama anatabasamu. Nyanya, ambaye huenda anakijua kisa hicho kuliko wote waliomo humo na angeweza kukisimulia kwa ufundi, anatazama samaki akipita kwenye kioo na kunyamaza. Familia hiyo imeketi pamoja, lakini haijatazama pamoja. Aliyekuwa mwalimu wa imani nyumbani amegeuzwa mgeni, na watoto wamefunzwa, pasipo yeyote kukusudia, kwamba Mungu huzungumza kwa lugha ambayo nyanya haijui.

Hapo ndipo uzito wa suala hili ulipo. Imani hurithishwa kwa mazungumzo: mtoto huuliza, mkubwa hujibu, mkubwa mwingine huongezea kisa cha zamani. Kazi isiyoruhusu mazungumzo hayo, hata iwe na picha za kupendeza namna gani, huwatuliza watoto tu kwa saa moja.

Kinyume cha hali hiyo kimeshuhudiwa. Filamu ya Jesus iliyotolewa mwaka 1979, na iliyotegemea Injili ya Luka, imeingizwa sauti katika lugha zaidi ya elfu mbili, Kiswahili kikiwa mojawapo. Watu wengi waliiona filamu hiyo uwanjani usiku, kwenye kitambaa cheupe, watoto mbele na wazee nyuma. Ina dosari zake. Yesu wake ni mwigizaji Mwingereza, na midomo ya wahusika haikubaliani kila mara na maneno yanayosikika. Hata hivyo, mtoto na mzee waliondoka uwanjani wakiwa na kisa kimoja na msamiati mmoja wa kukijadili njiani. Faida hiyo ililetwa na lugha kabla ya picha.

Hazina iliyosahauliwa

Yamkini msomaji atauliza: je, vitabu vyenyewe vya Kiswahili viko wapi? Swali hili huulizwa kana kwamba jibu lake ni kimya. Ukweli ni kwamba maandishi ya Kikristo kwa Kiswahili yana umri mkubwa. Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844 na hakukawia kuanza kutafsiri sehemu za Biblia. Biblia ya Muungano ilichapishwa mwaka 1952, na Biblia ya Habari Njema ikafuata katika miaka ya 1990 kwa lugha nyepesi zaidi. Familia iliyo na nakala zote mbili tayari ina somo la kufurahisha la jioni: mmoja asome aya katika tafsiri moja, mwingine asome aya hiyo hiyo katika ile ya pili, kisha wote wajadili ni ipi inayosikika vizuri na kwa nini. Watoto hupenda ushindani wa namna hiyo.

Baada ya Biblia, kipo Safari ya Msafiri, tafsiri ya kazi maarufu ya John Bunyan iliyotoka mwaka 1678 na ambayo imefikia lugha zipatazo 80 za Kiafrika. Ni kisa cha mtu aliyebeba mzigo mgongoni, akapita penye matope, majitu na soko la ubatili, hadi akafika alikokuwa akienda. Mtoto hukifuata kama ngano ya safari, mtu mzima hukisoma kama istiari. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 1684, Bunyan anamsafirisha mke wa msafiri huyo pamoja na wanawe wanne kwa njia ile ile. Ni nadra kupata kazi iliyokusudia familia kwa uwazi zaidi.

Kwa wapenzi wa ushairi, kuna Mathias Mnyampala, malenga wa Dodoma, ambaye katika miaka ya 1960 aliitunga Injili na Zaburi katika umbo la utenzi. Thamani ya kazi hizo kwa familia haimo katika maudhui pekee. Utenzi ulitungwa uimbwe au ukaririwe mbele ya watu. Mishororo yake mifupi ya mizani nane hukaa kichwani, na kina cha mwisho kinachorudi katika kila ubeti humwezesha hata mtoto asiyejua kusoma kubahatisha neno litakalofuata. Mnyampala alichukua umbo lililokuzwa kwa karne nyingi na Waswahili Waislamu wa pwani, akalitumia kuwasimulia Wakristo kisa chao. Jambo hilo peke yake ni somo la ujirani mwema.

Ujirani huo unaleta kazi nyingine ambayo haina budi kutajwa: Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934. Mbotela alitoka katika jamii ya Frere Town, Mombasa, makao ya Kikristo yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Anasimulia jinsi watu walivyotekwa, walivyosafirishwa na walivyookolewa baharini, na mtoto wa Kenya akikisoma hukutana na historia ya nchi yake. Hata hivyo, kitabu hiki kinawasifu Waingereza kupita kiasi, na namna kinavyowachora Waarabu inaweza kumwachia msomaji mchanga chuki dhidi ya jirani Mwislamu. Je, kiondolewe kwenye rafu? La hasha. Kisomwe mbele ya mzazi anayeweza kuuliza: msimulizi anamwona nani kuwa shujaa, na nani amenyimwa sauti? Kusoma pamoja kunafaa hasa penye kitabu cha aina hii.

Isitoshe, familia ya Kikristo haipaswi kuogopa kitabu kisichojiita cha Kikristo. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert ni kazi ya Mwislamu. Kinasimulia habari za ndugu wenye husuda na yule waliyemtendea ubaya, ambaye hata hivyo hawezi kuacha kuwaonea huruma. Mtoto anayekijua kisa cha Yusufu na nduguze katika kitabu cha Mwanzo atakitambua kisa hiki mara moja. Ulinganishi wa visa hivyo viwili ni mjadala wa jioni nzima.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaodai kwamba kazi za Kiingereza zina ubora wa picha, uchapishaji na uigizaji ambao za Kiswahili hazijaufikia. Dai hilo lina ukweli. Filamu za katuni zilizobuniwa kwa Kiswahili tangu mwanzo ni haba, na tafsiri nyingi za vitabu vya dini zimefanywa neno kwa neno hadi sentensi zikawa Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Lakini soko hufuata mnunuzi. Maadamu familia hazikiulizi Kiswahili dukani, mchapishaji hana sababu ya kumlipa mfasiri hodari wala mhariri makini.

Wengine watasema kwamba watoto wa mijini hawapendi Kiswahili sanifu, kwa kuwa wamezoea Sheng. Hoja hii inasahau nyimbo. Nyimbo za injili za waimbaji wa Tanzania kama Rose Muhando zimeimbwa na watoto wa Nairobi kwa Kiswahili ambacho walimu wao wangefurahi kukiona katika insha. Mtoto hakimbii lugha sanifu. Hukimbia lugha iliyokauka.

Wajibu wa wanafunzi na wahadhiri

Ni rahisi kuwatupia wazazi na makanisa lawama zote. Lakini idara za Kiswahili zina sehemu yao. Riwaya na tamthilia huhakikiwa kila mwaka, ilhali kitabu cha dini kinachosomwa na maelfu ya familia hakipati hata aya moja ya uhakiki. Tafsiri mbovu huendelea kuchapishwa kwa kuwa hakuna anayesema kuwa ni mbovu.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuanza na jambo dogo: kuchapisha tahakiki fupi za vitabu na video za familia, kwa lugha ambayo mzazi ataielewa. Mhakiki ajibu maswali matatu. Je, kazi hii inafaa umri gani? Je, Kiswahili chake kinasomeka kwa sauti pasipo ulimi kujikwaa? Je, inamwachia msomaji swali la kujadili, au inamfungia mlango kwa mahubiri? Swali la pili ndilo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kulijibu kuliko mchungaji au muuza vitabu. Kitabu cha familia husomwa kwa sauti; sentensi inayomkatisha pumzi msomaji itamlaza msikilizaji.

Hitimisho

Samaki mkunje angali mbichi. Familia inayochagua kitabu au video inachagua pia ni nani atakayekuwa na la kusema baada ya kitabu kufungwa na runinga kuzimwa. Ikichagua kazi safi lakini isiyoeleweka na baadhi ya wenye nyumba, imewatenga. Ikichagua kwa kufuata jalada, huenda ikajuta. Ikichagua kazi yenye maadili, inayofaa umri wa waliopo na iliyoandikwa kwa Kiswahili chenye uhai, itakuwa imewapa watoto imani na lugha kwa mkupuo mmoja, na nyanya atakuwa amerudishiwa kiti chake cha msimulizi.