Wakulima wa Majani Chai Waulize Pia Kuhusu Karatasi

Kila bonasi inapotangazwa, wakulima wa majani chai wa Kericho na Bomet huteta, nao wana haki ya kuteta, kwa kuwa kwa muda mrefu malipo yao yamekuwa chini ya yale ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Malalamiko ya mwaka 2025 yangali masikioni mwetu. Hutajwa mbolea, kuni, wakurugenzi na bei za mnada wa Mombasa. Jambo moja ambalo sijalisikia likijadiliwa kwa dhati ni karatasi.

Huenda msomaji akacheka. Hata hivyo, na aizingatie safari ya chai yenyewe. Inapotoka katika vikaushio vya kiwanda, iwe ni Litein au Mogogosiek, huwa imebakiwa na unyevu wa takriban asilimia 3 tu. Kisha husafirishwa zaidi ya kilomita 700 hadi Mombasa, mji wa joto na mvuke wa bahari, ambako hulala ghalani ikingoja mnada na baadaye meli. Chai hunyonya maji ya hewani, na hunyonya harufu vilevile: ya dizeli, ya sabuni, ya samaki. Mwonja chai akigundua kasoro, bei hushuka, na hasara humfuata mkulima hadi shambani.

Zamani chai ilitiwa katika masanduku ya mbao nyembamba. Siku hizi ni magunia ya karatasi yenye tabaka kadhaa, na hapo ndipo penye uamuzi. Karatasi ya krafti itokanayo na miti ya nyuzi ndefu kama msonobari haipasuki upesi. Ile itengenezwayo kwa karatasi kuukuu ni rahisi kwa bei, lakini nyuzi zake ni fupi na hudhoofika. (Krafti ya Webuye tuliizoea, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2009.) Lakini karatasi tupu, hata iwe nene namna gani, haizuii mvuke. Kazi hiyo ni ya tabaka la ndani. Likiwa la aluminiamu, unyevu na harufu karibu havipiti kabisa. Likiwa la plastiki nyembamba, unyevu huzuiwa kwa kiasi, ila harufu yaweza kupenya.

Najua jibu la mameneja: gunia la aluminiamu ni ghali, na ni taabu kulirejeleza kwa kuwa tabaka zake zimegandishwa pamoja. Ni kweli. Nami sioni sababu ya kuifungia hivyo chai itakayonywewa Nakuru baada ya wiki mbili. Bali chai bora iendayo Pakistan au Uingereza, ambayo huenda ikakaa miezi njiani, kuifungia gunia hafifu ili kuokoa shilingi chache ni kumwibia mkulima polepole.

Kwa hiyo zabuni za magunia zisiamuliwe kwa bei pekee. Kila kiwanda kipime uimara wa karatasi na kiasi cha mvuke unaopita, na matokeo yabandikwe katika vituo vya kununulia majani. Na katika mkutano ujao wa wenyehisa, mkulima mmoja asimame aombe gunia tupu liletwe mbele, lipasuliwe, ili kila mtu ajionee tabaka la ndani ni la kitu gani.