Mashine ya Figo: Mwacheni Mgonjwa Aseme Mwenyewe

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tulioko Uingereza tunalikwepa mpaka litukute mlangoni. Mzee wetu ameambiwa figo zimeshindwa kazi, na daktari anauliza: aanze mashine ya kusafisha damu, au asianze?

Mara simu zinapigwa Mombasa na Dar. Mjomba anasema mashine, shangazi anasema arudishwe nyumbani. Mtoto anayemtafsiria hospitali anameza nusu ya maneno ya daktari, "mama asije akaogopa". Mwenye kuumwa hajaulizwa! Hapo ndipo tunapokosea, na majuto yake hayaishi hata baada ya matanga.

Kwanza tujue tunachochagua. Mashine ya hospitali kwa kawaida ni siku 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, mbali na safari na uchovu. Wengi imewapa miaka ya maisha. Lakini kwa mzee dhaifu mwenye maradhi mengine mazito, huenda isimwongezee muda mwingi, na sehemu kubwa ya muda huo akaumalizia hospitali. Njia ya pili ni kutibiwa bila mashine: anapewa dawa za presha, za kuongeza damu, za kutuliza kichefuchefu na kuwashwa mwili. Hajatupwa. Ila aambiwe wazi kwamba figo hazitapona na ugonjwa utamfikisha mwisho. Wapo pia wanaojaribu mashine kwa muda, kisha wakaacha ikiwashinda.

Pili, sheria. Kwa England na Wales, mtu mzima anayeelewa hali yake ana haki ya kukataa tiba, hata ukoo mzima ukipinga. Kuwa kifungua mimba hakukupi mamlaka hayo. Anaweza kumteua kisheria mtu wa kumwamulia siku akishindwa, lakini afanye hivyo angali anajiweza. Na ombeni mkalimani wa hospitali, ni bure. Msimtwishe kijana wa shule mzigo huo.

Maoni yangu ni haya: jibu lisilouma hapa halipo. Kinachotuliza moyo ni kujua kwamba mama aliambiwa ukweli, akasema analotaka, nanyi mkamsikiliza. Kukataa mashine si kukosa imani, na kuikubali si kuogopa kifo. Dua na dawa havigombani.

Basi usingoje hospitali ipige simu usiku. Wiki hii kaa na mzee wako umuulize: "Mama, ukizidiwa ungependa tukufanyie nini, na nini tusikufanyie?" Kisha nyamaza usikilize. Ya kitaalamu mwulizeni daktari au muuguzi wake wa figo.

Mungu awape afueni wagonjwa wetu wote. Wasalaam.